Viungo vya Chunguni na Chakula cha Mimea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu na Malindi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wapishi wa nyumbani, wanaouguza wazee, na wale walioambiwa kliniki wapunguze chumvi, mafuta au sukari wakajiuliza sasa watakula nini. Kijiko cha chai hapa ni mililita 5, cha mezani 15, na kikombe ni mililita 250. Ukiwa unameza dawa yoyote kila siku, soma kwanza majibu yanayohusu dawa na figo.

Je, viungo ni dawa?

Kwa kiasi kinachoingia chunguni, viungo ni chakula. Vina kemikali zenye nguvu, na baadhi zimepimwa kwa watu na kuonyesha faida, lakini mara nyingi kwa vipimo ambavyo mchuzi haufikii. Faida kubwa ya viungo iko kwingine: vinafanya sufuria ya mbaazi, pojo, kunde au mchicha itamanike ikiwa na chumvi kidogo na mafuta kidogo. Anayekula maharagwe mara nne kwa wiki kwa sababu yamekolea uzile, tangawizi na ndimu amejitendea mema kuliko anayemeza kapsuli ya manjano kisha akala chipsi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na nyuzinyuzi zisizopungua gramu 25. Viazi, muhogo na ndizi za kupika hazihesabiwi kwenye hizo 400.

Manjano yanatibu maumivu ya viungo vya mwili?

Hesabu kwanza. Kijiko cha chai cha manjano ya unga ni gramu 3 hivi. Kurkumini, ile kemikali inayosifiwa, ni karibu asilimia 3 ya uzito huo, yaani miligramu 90. Mchuzi wa watu sita uliotiwa kijiko kimoja humpa kila mlaji miligramu 15. Majaribio yaliyoonyesha nafuu kwa wenye maumivu ya magoti mara nyingi yalitumia miligramu 500 hadi 1,500 kwa siku.

Tena kurkumini haiingii mwilini kwa urahisi. Utafiti mmoja wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ikimezwa pamoja na piperini ya pilipili manga, kiasi kinachofika kwenye damu huongezeka mara 20. Ndiyo maana kutia pilipili manga na mafuta kidogo kwenye chungu chenye manjano ni busara. Manjano mabichi yasiyokaangwa yana ladha ya udongo. Yakaange kwenye mafuta kwa nusu dakika tu kabla ya kutia nyanya, maana yakizidi huwa machungu.

Kapsuli ni jambo jingine. Vidonge vya manjano vilivyoongezwa piperini vimehusishwa na kuumia kwa ini. Italia na Marekani zimekuwa na wagonjwa wa aina hiyo. Ukivitumia ukaona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekoza kama chai ya rangi, au umechoka bila sababu, acha mara moja uende hospitali na kopo lake mkononi.

Mdalasini unashusha sukari?

Matokeo ya utafiti yanapingana, na hakuna yaliyofikia kiwango cha kumfanya mgonjwa apunguze metformini au insulini. Tia mdalasini kwenye chai na uji kwa ladha, hasa ukikusaidia kupunguza sukari ya kijiko.

Angalia aina. Mdalasini wa kasia ni gome nene na gumu, tabaka moja lililojikunja kutoka pande mbili. Mdalasini wa Ceylon ni mwembamba, matabaka mengi yaliyoviringana, na huvunjika kwa vidole. Kasia ina kumarini, ambayo kwa wingi huumiza ini la baadhi ya watu. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 ya kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kama gramu 2 za unga wa kasia, chini kidogo ya kijiko cha chai. Kijiti kimoja kwenye sufuria ya pilau hakina neno. Lakini mtu anayekoroga kijiko kizima kwenye maji ya moto kila asubuhi kwa miezi atumie wa Ceylon, au apunguze. Unga ukishasagwa huwezi kutofautisha kwa macho, kwa hiyo nunua vijiti.

Na uwatu? Habasoda?

Uwatu una nyuzinyuzi zinazovimba kama ute na kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Gramu 5 hadi 10 za mbegu zilizolowekwa usiku zinaweza kupunguza sukari kidogo. Tatizo huja pale mgonjwa anapoongeza uwatu juu ya glibenklamidi au insulini bila kumwambia daktari: sukari inaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Wenye mzio wa karanga au dengu wajihadhari, kwa sababu mimea hii ni ya jamii moja. Mjamzito asitumie uwatu kwa wingi kabla ya kujifungua.

Habasoda inaheshimika pwani kwa sababu ya hadithi ya Mtume, na majaribio yameonyesha inaweza kushusha kidogo presha na mafuta ya damu. Itumie juu ya mkate au kwenye chakula, na uendelee na dawa zako. Kumfuata Mtume hakumzuii mtu kutibiwa. Yeye mwenyewe aliamrisha watu watafute tiba.

Nina vidonda vya tumbo. Niache pilipili?

Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo. Wasababishi wakuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua jukumu la bakteria huyo. Kipimo chake kipo, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi.

Hata hivyo kidonda kilichopo kinaweza kuwasha ukila pilipili, na mwenye kiungulia anaweza kuona hali ikizidi. Jipime mwenyewe: ondoa pilipili kwa wiki 2, kisha irudishe pekee, bila kubadilisha kitu kingine. Mara nyingi mkosaji huwa ni viazi karai vya usiku, kahawa kwenye tumbo tupu, au kulala mara tu baada ya kula. Acha muda wa saa 3 kati ya chakula na kulala.

Ukiungua mdomo, maji hayasaidii, kwa sababu kapsaisini, kemikali ya ukali wa pilipili, haiyeyuki ndani yake. Kunywa maziwa au mtindi.

Nina presha. Nipike vipi bila chakula kupwaya?

Hili ndilo swali ambalo viungo vinalijibu vizuri kuliko mengine yote. Kikomo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha yote: mkate, achari, kidonge cha supu, ng'onda na papa mkavu.

Anza na kidonge cha supu na viungo vya paketi. Soma lebo: vitu huandikwa kwa kufuata uzito, na mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza. Kama lebo inataja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 800 ni chumvi gramu 2. Wapishi wengi hutia vidonge viwili kisha chumvi "ya kuonja" juu yake.

Kisha papa na ng'onda. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa dakika 10, mwaga tena, ndipo uunge. Hata hapo chumvi hubaki, kwa hiyo chungu hicho kisitiwe nyingine.

Maji nayo yaangaliwe. Visima vingi vya Lamu na vya ufukwe wa Malindi vina maji ya chumvichumvi. Wali uliopikwa kwa maji hayo umeshatiwa chumvi kabla hujagusa kopo. Onja maji yenyewe kwanza.

Ukali wa ndimu, ukwaju na embe mbichi hudanganya ulimi ukadhani chumvi ipo. Tia ndimu ukishaepua, kwani ikichemka sana harufu hupotea na uchungu wa ganda hubaki. Ukwaju unaweza kuchemka. Kitunguu kilichokaangwa taratibu kwa dakika 10 mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu huleta utamu unaoziba pengo la chumvi. Punguza kwa hatua: robo ya kiasi chako kila baada ya wiki 2. Ukikata yote siku moja, nyumba nzima itakugomea.

Nipeni kipimo cha bizari ya nyumbani isiyo na chumvi.

Kwa pilau, mbaazi, maharagwe na supu ya mboga:

Uzile (bizari nyembamba) vijiko 4 vya mezani
Giligilani nzima vijiko 2 vya mezani
Pilipili manga kijiko 1 cha mezani
Iliki chembe 12
Karafuu 8
Mdalasini kijiti cha urefu wa kidole kimoja

Weka uzile, giligilani na pilipili manga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 2 hadi 3, ukitikisa bila kuacha. Harufu ikishapanda na uzile ukaanza kugeuka rangi, tia iliki, karafuu na mdalasini uliovunjwa, nusu dakika tu, kisha mimina yote kwenye sinia. Usiache kwenye kikaango, maana chuma hubaki na moto na uzile huungua ukawa mchungu. Bizari iliyoungua haitengenezeki, itupe. Ipoe kabisa kabla ya kusaga. Ikisagwa na joto hutoa unyevu, ukaifungia kwenye chupa, ikashikana mabonge. Kijiko 1 cha mezani kinatosha kilo 1 ya mchele.

Tui la nazi ni baya kwa moyo?

Nazi si sumu, ila mafuta yake karibu asilimia 90 ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli mbaya. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba mafuta ya nazi huipandisha kuliko mafuta ya mimea mingine kama alizeti na mzeituni. Anayesema mafuta ya nazi ni dawa ya moyo hana ushahidi.

Nyama ya nazi moja ya wastani ni karibu gramu 400, na theluthi yake ni mafuta. Ukikamua vizuri ukapikia wali wa watu sita, kila sahani inaweza kubeba gramu 15 au zaidi za mafuta mazito, wakati kikomo cha siku nzima kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22. Mchuzi wa pembeni nao ukiwa wa nazi, umeshapita.

Hatusemi nazi iondoke mezani. Ichague sehemu moja: wali wa nazi kwa mchuzi wa nyanya na ukwaju, au wali mweupe kwa mbaazi za nazi. Mafuta mengi hutoka kwenye tui zito la kwanza. Pikia tui la pili na la tatu, na tui zito tia vijiko 3 vya mezani mwishoni kwa harufu. Koroga mpaka lichemke taratibu. Moto mkali bila kukoroga, au ndimu iliyotangulia, hulikata tui likabaki maji na mafuta yanayoelea. Chicha usiitupe yote: ina nyuzinyuzi, na ikikaangwa kavu na uzile na pilipili hufaa kunyunyiziwa juu ya mboga.

Mchicha wenyewe unahitaji mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A kutoka kwenye majani. Vijiko viwili vya tui kwa sufuria vinatosha kazi hiyo.

Mbaazi zangu haziivi hata nikizichemsha asubuhi hadi adhuhuri. Kwa nini?

Sababu ni tatu, na pwani ya kwanza ndiyo inayosahaulika.

Maji magumu. Visima vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe vina chokaa nyingi. Kalisi hushikamana na ganda la nafaka na kulifanya lisilainike. Pikia maji ya mvua ukiwa nayo. Lamu na Pate watu walijenga majabia ya kuyahifadhi tangu zamani, na kwa mbaazi hayana mfano. Wengine hutia magadi. Robo kijiko cha chai kwa vikombe 2 vya mbaazi hulainisha kweli, lakini huongeza sodiamu na kuharibu vitamini B1, kwa hiyo mwenye presha aepuke.

Mbaazi kuukuu. Zikikaa zaidi ya mwaka kwenye joto na unyevu, hazilainiki tena. Zile zilizokunjamana na kugeuka rangi usizinunue hata zikiwa rahisi.

Ukali uliotangulia. Ukwaju, nyanya au ndimu vikiingia kabla mbaazi hazijaiva, huzuia ganda kulainika. Vitie mwishoni.

Utaratibu wetu: mbaazi kavu vikombe 2, zichague mawe, zioshe, loweka kwa vikombe 6 vya maji usiku kucha. Mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya yanayozidi mbaazi kwa upana wa vidole vitatu, saa 1 hadi 1 na nusu, mpaka moja ikibonyezwa kwa vidole ipondeke bila kiini kigumu. Ndipo utie vikombe 2 vya tui la pili, nusu kijiko cha chai cha manjano, robo ya pilipili manga, vitunguu na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Dakika 15 moto mdogo, kisha tui zito kidogo na chumvi. Kila gramu 100 za mbaazi zilizoiva hutoa protini gramu 7 hivi na nyuzinyuzi karibu kiasi hicho hicho. Ukizila na mkate wa mofa wa mtama badala ya mahamri, umepunguza mafuta na sukari kwa mkupuo.

Maharagwe mekundu yana sumu?

Mabichi na yasiyoiva, ndiyo. Yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na hata chembe nne au tano zinaweza kukuumiza. Loweka muda wa saa 12, mwaga maji, kisha chemsha kwa moto mkali, maji yakitokota kweli kweli, angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hatari iko kwa wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto au makaa yaliyofifia tangu mwanzo: moto mdogo hauvunji sumu hiyo. Yatokote kwanza, ndipo uyafunike kikapuni.

Mboga za majani zipikwe vipi zisipoteze faida?

Mchicha, sukumawiki na majani ya kunde: osha yakiwa mazima, mara tatu, kisha ukate. Ukikata kwanza vitamini C na foleti huondoka na maji. Kaanga kitunguu, tia majani yenye unyevu wake, funika, dakika 4 hadi 6. Ukiyachemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, umemwaga sehemu kubwa ya ulichonunua.

Kisamvu ni kinyume kabisa. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sayanidi. Yatwange kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, kwa sababu ni kutwanga kunakokifungua kimeng'enya kinachoitoa sumu ili iruke. Majani yaliyochemshwa mazima hubaki na sumu zaidi, maana moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Baada ya kutwanga, yaache dakika kadhaa, chemsha kwa maji mengi bila kufunika nusu saa, mwaga maji hayo, kisha endelea na tui. Hapa kumwaga maji ni lazima.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde huingia mwilini kwa shida. Vitamini C husaidia, chai huzuia. Kamulia ndimu sahanini, kula embe au ubuyu usiotiwa sukari baada ya chakula, na chai isubiri saa moja. Kwa wajawazito na wasichana wenye upungufu wa damu, kuhamisha kikombe hicho cha chai kuna maana kubwa. Vidonge vya chuma vya kliniki visimezwe kwa chai wala maziwa.

Mronge una vitamini C mara saba ya chungwa?

Kauli hiyo hutokana na majani mabichi kwa uzito sawa. Unga mkavu umeshapoteza sehemu kubwa ya vitamini C, na kijiko cha chai ni gramu 2 au 3 tu. Pika majani mabichi kama mboga, ni chakula kizuri. Mizizi na gome la mronge visitumiwe, hasa na mjamzito.

Nikiacha nyama na samaki kabisa, nitakosa nini?

Vitamini B12. Mimea haina, na mwani na mronge haviwezi kutegemewa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku; akiba ya ini hudumu miaka, ndiyo maana dalili hukawia: ganzi miguuni, kusahau, upungufu wa damu. Asiyekula samaki, mayai wala maziwa ameze kidonge cha B12. Samaki mara mbili kwa wiki huliondoa tatizo hili, na kwa watu wa visiwani hilo si gumu. Kalisi inapatikana kwenye simsim isiyokobolewa, ambayo hulimwa Lamu bara, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Dawa zipi hazipatani na vyakula hivi?

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: mboga za majani ya kijani zina vitamini K inayoipinga. Usiziache; kula kiasi kilekile kila wiki ili kipimo cha dawa kisiyumbe. Kapsuli za thomu, tangawizi na manjano huongeza hatari ya kutoka damu, na zisimamishwe wiki 2 kabla ya upasuaji.

Balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini ya kolesteroli na nifedipini ya presha. Ukinywa dawa hizo, kula chungwa au chenza badala yake.

Mgonjwa wa figo je?

Huyu afuate masharti ya kliniki yake, kwa sababu mengi tunayoyasifu hapa kwake yanageuka. Madafu yana potasiamu nyingi, karibu miligramu 600 kwa kikombe, na figo zilizochoka haziitoi. Moyo unaweza kupiga ovyo. Chumvi mbadala za potasiamu ni hatari kwake kwa sababu hiyohiyo.

Birimbi zinahitaji onyo hata kwa mwenye figo nzima. Moja au mbili kwenye mchuzi au achari ni sawa, lakini juisi yake iliyokolea, inayonywewa na watu kushusha kolesteroli au sukari, ina oksalate nyingi, kemikali inayoganda ndani ya figo. Kerala, India, watu wameingia hospitali figo zikiwa zimefeli baada ya kuinywa. Waliowahi kuwa na mawe ya figo wapunguze pia mchicha na vijiko vya manjano.

Tangawizi ni salama kwa mjamzito anayetapika?

Ndiyo, kwa gramu 1 ya unga mkavu kwa siku iliyogawanywa mara nne, au tangawizi mbichi gramu 5 hivi, kipande cha urefu wa pingili ya kidole gumba, iliyoparuzwa kwenye maji ya moto kwa dakika 10 na kunywewa kidogo kidogo. Asipobakiza hata maji tumboni, au akikojoa mara chache na mkojo ukikoza, aende hospitali.

Mtoto aanze viungo lini?

Tangu miezi 6, anapoanza chakula, anaweza kupata ladha ya iliki, uzile au manjano kwenye boga na pojo iliyopondwa. Asitiwe chumvi wala sukari. Asali, pamoja na ile iliyochanganywa na habasoda, asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu vinavyolegeza misuli ya kupumua. Mafuta ya karafuu yafungiwe mbali. Kijiko kimoja au viwili vya chai vikimezwa na mtoto vinaweza kuharibu ini lake.

Kungumanga inalewesha kweli?

Gramu 5, chini ya kokwa moja kubwa, huweza kuleta moyo kwenda mbio, kutapika na kuona visivyokuwepo kwa siku nzima au zaidi. Kwa kaimati, halua au biriani, paruza robo kijiko cha chai, basi.

Thomu niitie lini?

Iponde, iache dakika 10, ndipo ipate moto. Allisini, ile kemikali inayosifiwa ya thomu, huzaliwa thomu ikishapondwa, na moto wa haraka huizuia. Thomu iliyosagwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta isikae nje ya friji: pasipo hewa bakteria wa botulizimu hustawi bila kuonyesha harufu. Ndani ya friji, siku 4, kisha itupwe. Au igandishe kwenye vibweta vya barafu.

Nitajuaje viungo vyangu ni safi?

Manjano yenye rangi kali mno yashukiwe. Bangladesh, wachuuzi walikuwa wakipaka mizizi kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili ing'ae. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi, serikali ikakaza mkono, na kufikia 2021 hazikuonekana tena. Mwaka 2023 Marekani watoto walidhuriwa na risasi iliyokuwa kwenye mdalasini uliotiwa ndani ya rojo la matufaha. Risasi haionjeki, haichemki ikatoka, na hakuna jaribio la nyumbani la kuaminika. Nunua manjano mabichi ukayakausha mwenyewe, au mizizi mikavu iliyofifia. Uvunje mmoja, na kama nje inang'aa kuliko ndani, uache.

Adui wa pili ni ukungu. Unyevu wa pwani, hasa msimu wa mvua za masika, huleta aflatoksini kwenye pilipili kavu, tangawizi, kungumanga, karanga na mahindi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Pilipili ianikwe juu ya jamvi lililoinuliwa, iingizwe ndani kabla ya umande, na iwe tayari pale inapovunjika kwa mlio. Yenye madoa meusi au harufu ya kuvunda usiioshe ukaitumia, tupa.

Weka viungo vizima kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na jiko. Rafu iliyo juu ya meko ni mahali pabaya kuliko pote, kwa mvuke na joto lake. Saga cha wiki 3 tu. Usinyunyize unga moja kwa moja kutoka chupani juu ya sufuria inayofuka. Mvuke huingia na kuanza kazi. Tumia kijiko kikavu.

Ramadhani futari iwe vipi?

Tende tatu, maji, kisha supu ya pojo au uji wa mtama wenye iliki. Kachumbari na matunda vije kabla ya vya kukaanga. Mafuta yaliyokwisha kutoa povu na kugeuka meusi yasitumike tena kwa bhajia. Kikombe cha chai chenye vijiko 3 ni sukari gramu 12, na kiwango bora cha siku nzima hakizidi gramu 25; tangawizi na mdalasini vikiongezwa, kijiko kimoja kinatosha baada ya siku chache. Daku iwe ya kunde au muhogo na samaki, isiwe na achari, maana chumvi italeta kiu kabla ya adhuhuri. Mwenye sukari au presha apange dawa zake na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nimeanza kula kunde na tumbo linajaa hewa. Niendelee?

Endelea kwa kipimo kidogo. Anza na vijiko 3 vya mezani kwa mlo, ongeza kila wiki. Pojo na kamande huleta hewa kidogo kuliko maharagwe. Maji ya kulowekea yamwagwe, povu la kwanza liondolewe, na unywe maji zaidi, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hufunga choo. Uzile na tangawizi husaidia baadhi ya watu. Kwa wengi hali hutulia baada ya wiki 3 au 4. Ukiona damu chooni, kupungua uzito bila kutaka, au maumivu yanayokuamsha usiku, usiyahesabu kuwa ni ya kunde, nenda ukapimwe.